Sekunde Arobaini na Moja

Somo la wiki lilikuwa ubongo na usingizi. Mama, aliyewafundisha mapacha wake mwenyewe nyumbani, aliwapa zoezi: wamtazame mtu aliyelala, waandike wanachoona. Mabinti hao wa miaka kumi na tano walimchagua baba yao, aliyejinyoosha kwenye kochi baada ya chakula cha mchana.

Sasa mama alisahihisha daftari lao, kalamu nyekundu mkononi, akisoma:

“Anakoroma. Ananyamaza. Kifua hakipandi. Sekunde arobaini na moja. Anashtuka kama mtu aliyekabwa, anakoroma tena. Mara tisa kwa nusu saa.”

“Mna hakika mlihesabu vizuri?”

“Mwenzangu alishika saa, mimi niliandika,” alijibu pacha mkubwa. “Mama, ulisema pumzi ikikatika ubongo humwamsha mtu bila yeye kujua. Sasa baba hupata usingizi kamili wakati gani?”

Nje, injini ya basi aliloliendesha baba ilinguruma.

Mama alitoka mbio, miguu mitupu, akapanda ngazi za basi, akazima injini na kuchomoa ufunguo.

“Mama watoto, una nini? Abiria hamsini wananisubiri stendi!”

“Umewahi kusinzia kwenye usukani?”

“Mimi? Miaka ishirini barabarani...”

“Nijibu, baba watoto.”

Baba alitaka kucheka, akageukia mlango. Mabinti walikuwa wamesimama mlangoni mwa basi, wakimtazama. Vidole vyake vilikuwa bado vimeng'ang'ania usukani, kucha zimekuwa nyeupe.

“Juzi,” alisema polepole, “niliamshwa na honi ya lori.”