Dakika ya Sita

Dakika tano zilitimia, na mama mdogo hakunyanyua mfuniko wa kikombe.

Hakuwa amesahau. Alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha chai kwa miaka thelathini na mmoja, na alijua kwamba majani yakizidishiwa dakika moja tu kwenye maji ya moto, utamu unakimbia na ukakasi unashika ulimi. Aliiacha dakika ya sita ipite yote. Ndipo akachuja.

"Haya, onja."

Mpwa wake akavuta chai kutoka kwenye kijiko kwa kelele, kama alivyofundishwa, akakunja uso. "Kali."

"Siyo yenyewe."

"Siyo yenyewe. Kwani mama alikuwa anaifanyaje, jamani?"

"Dada yangu, Mungu amrehemu, alikuwa msiri. Hata mimi hakunipa vipimo."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini ulimi wake ulikuwa umevipata bila kupewa, Jumamosi ya pili tu ya shughuli hii ya kuitafuta chai ya marehemu. Mpwa alikwenda kunawa mikono, yeye akaonja kikombe cha nne, na ghafla dada yake akawa pale jikoni, mzima, anacheka. Majani meusi vijiko vitatu. Ganda la chungwa lililokaushwa, nusu kijiko. Waridi kavu, chembe ya mdalasini, basi. Alikimwaga kwenye sinki kabla mpwa hajarudi, kisha akafungulia maji ili harufu isibaki.

Angefanyaje? Kabla ya Jumamosi hizi, mpwa alikuwa mtu wa kuonana naye msibani, na simu ya mara moja moja: "Mzima, mama mdogo? Haya, tutaongea." Siku sita za wiki, kilichonguruma ndani ya nyumba hii kilikuwa friji. Alikuwa amefikia hatua ya kumjibu mtangazaji wa redio akiaga: "Asante, baba, na wewe ulale salama." Siku chai ikipatikana, mpwa angeshukuru, angefungiwa pakiti yake, na Jumamosi ingekuwa siku kama zile nyingine.

Kwa bahati, mpwa hakuwa na mkono wa chai hata kidogo. Alikuwa mfamasia, mtu wa kupima dawa za watoto kwa gramu, lakini akishika mdalasini alimwaga nusu ya pakiti.

"Wewe, wagonjwa wako wanapona kweli?"

"Wengi hawarudi, mama mdogo."

"Ndicho ninachouliza! Hawarudi kwa sababu wamepona, au?"

Walicheka mpaka mama mdogo akashika ukingo wa meza. Baada ya mpwa kuondoka aliviosha vikombe vyote vyeupe, kimoja kimoja, polepole, ili kazi isiishe upesi.

Mara moja tu mambo yalitaka kuharibika. Mpwa alichota vijiko vitatu vya majani meusi. Akachukua ganda la chungwa, nusu kijiko. Mkono wake ukaenda kwenye waridi, na mama mdogo akaufuata kwa macho. Kisha mkono ukahama, ukadaka karafuu tano, ukazitupia humo.

"Karafuu tena!" akamfokea, huku moyo ukimruka kwa furaha.

Furaha hiyo ndiyo iliyomnyima raha wiki nzima. Mtoto wa watu anamtafuta mama yake kwenye kikombe, naye, dada wa huyo mama, anamfungia mlango. Ijumaa mchana hakuweza kuvumilia tena. Akachanganya ile yenyewe, kipimo kwa kipimo, akaitia ndani ya kopo na kulifunga. Kesho angempa. Akishaipata, na aende zake. Akajizoeza kusema mbele ya sinki: "Pokea, mwanangu. Mama yako huyu hapa." Sauti ikamkatika mara mbili. Mara ya tatu ikapita.

Jumamosi akapanga vikombe. Saa nne ikafika, siku zote saa ya mpwa. Ikafika saa nne na nusu. Alikuwa amekwisha kuchemsha maji mara mbili mlango ulipogongwa.

Aliyegonga alikuwa mke wa mpwa, ndani ya sare yake ya uuguzi, chupa ya chai kwapani. Kazi za zamu zilikuwa hazimpi nafasi ya kuja.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mwenzio yuko wapi?"

"Ana homa, amelala hoi. Tangu alfajiri anataka kuinuka aje, nimemnyang'anya viatu. Basi akasema nipitie nikuletee chai, usije ukakaa mwenyewe bila kitu."

"Ingia, ukae."

"Nitasimama tu, zamu inaanza."

Mama mdogo akamimina kidogo kwenye kikombe cheupe. Akachota kwa kijiko, akavuta kwa kelele, kwa mazoea.

Chungwa. Waridi nyuma yake, kwa mbali. Mdalasini wa kugusa tu. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua.

Akavuta kiti, akakaa.

"Hii," akasema taratibu, "ameipata lini?"

"Hiyo? Mbona ndiyo chai yetu ya kila asubuhi, tangu tuoane! Mama yake alimfundisha mwenyewe, akamsimamia mpaka akaipatia." Muuguzi akatazama saa, akashika kitasa, kisha akageuka. "Aa, nisije nikasahau nilichotumwa. Anasema Jumamosi ijayo atakuja hata kwa kutambaa. Eti kuna chai mnayoitafuta, na bado mko mbali kabisa."