Majani ya Luberizi

Mwasi aliegemeza mkuki wake mlangoni, akavua kofia ya ngozi ya chui, kisha akatoa kifuani picha ya maua.

"Weye ndiye unapakaka maua?" aliuliza.

Honorine aliitikia kwa kichwa. Angekanaje? Vumbi la rangi lilikuwa limemjaa mpaka ndani ya kucha, na ukuta mzima wa chumba ulikuwa na mawaridi aliyoyachora kutoka kwenye picha za arusi za watu. Tangu waasi waiteke Uvira, wafiwa walikuwa wengi mtaani Kasenga. Walimletea picha ya marehemu siku ya ndoa yake, naye akanakili lile shada la maua tu, kwa chaki laini za rangi alizoachiwa na masista, ili walibandike juu ya kitanda kilichobaki na mtu mmoja. Walimlipa unga au ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kazi hiyo ndiyo iliyomweka mjini.

"Jina?"

"Generose."

Hata Pudentienne, mwenye nyumba aliyempa hifadhi, alimjua kwa jina hilo. Honorine alikuwa mke wa Evariste, karani wa kilimo wa serikali kule Luberizi, na wake wa makarani walikuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba ili waseme waume zao wamejificha wapi. Yeye asingeweza kusema hata kwa kupigwa. Alipotezana na Evariste katika mashamba ya mpunga siku waliyokimbia, na hakujua kama yu hai.

"Pakaa hii," mtu yule alisema, akimpa picha. "Uipake vile iko kwa kweli."

Honorine aliitazama. Ilikuwa baraza ya nyumba yake. Evariste mwenyewe ndiye aliyeipiga, kwa kamera ya ofisi, Jumapili moja baada ya misa. Yale maua marefu ambayo Wazungu huyaita kana, yenye majani mapana kama ya mgomba, yalijipanga mbele ya mlango, yote meusi na kijivu kama picha za siku zile zilivyokuwa. Upande wa kulia, pale aliposimama yeye akicheka, picha ilikuwa imekatwa kwa mkasi, kwa uangalifu mkubwa.

Huu ni mtego, alijiambia. Wameiokota nyumbani, wameniondoa ili nisishtuke, sasa wanataka kuona kama naijua nyumba.

"Ulishafika Luberizi?" mtu yule aliuliza.

"Hata siku moja, kamarade."

Akatandika karatasi ya kaki, upande wake wenye mkwaruzo, akaanza na maua. Hayo hayakumsumbua. Yalikuwa mekundu, na kana nyekundu ziko kila misheni. Aliyachora petali kwa petali, akiyalainisha kwa ncha ya kidole. Kisha akafika kwenye majani.

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye chaki nyekundu iliyokoza. Kana za nyumbani kwake hazikuwa na majani ya kijani. Yalikuwa mekundu mazito, rangi ya maini, na yeye alikuwa ameyapaka mara nyingi sana pale barazani, Evariste akimtania kwamba siku moja atayapaka usingizini. Kidole chake kiligusa chaki, kikasita hapo hapo.

Mtu yule, aliyekuwa akitafuna kipande cha muwa, aliacha kutafuna. Aliangalia njia, akafuta jasho, akarudi kuukodolea macho ule mkono.

"Endelea, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Usiogope."

Ndivyo walivyomwambia mke wa karani wa posta, kwa upole uleule, kabla ya kumchukua. Honorine alipiga moyo konde, akaiacha ile chaki, akachukua ya kijani.

Ilimuuma, na aibu ikamshika, maana hakuwahi kuyasingizia maua. Lakini aliupamba uongo ule kwa bidii. Alikandika kijani kibichi, akakisugua kwa dole gumba, akatia mishipa ya majani kwa kijani hafifu.

"Majani iko vile?"

"Majani ni kijani, kamarade. Fasi yote iko vile."

"Angalia tena muzuri, mama."

Alilisema hilo kama anayeomba. Honorine hakuinua macho. "Picha haina rangi. Minye napaka vile majani inakuwaka."

Mtu yule aliitazama karatasi, mabega yakamlegea. Akarudisha picha kifuani, akavaa kofia yake, akatoka bila kuchukua mchoro wala kuaga.

Honorine alifunga mlango kwa komeo, akaketi chini. Alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akaibusu ile chaki ya kijani. Kama Evariste yu hai, basi leo alikuwa amemwokoa.

Jua lilikuwa bado kali Pudentienne aliporudi kutoka ziwani na kapu la ndagala kichwani.

"Pontien amevuka kwenda Bujumbura," alisema, akilitua kapu. Pontien alikuwa mdogo wake, mwenye mtumbwi. "Ameenda na ule muntu wa kofia ya chui. Kumbe haiko mwasi hata kidogo, ile ngozi ilikuwa ya kupitia ku bariere ya waasi tu. Alilipia fasi mbili mu mutumbwi, moja ikabaki bule. Wametia mbuzi."

"Alikuja kufanya nini huku?"

"Kutafuta muke wa muntu, dada. Bwana yake iko kule ngambo, ndiye alimutuma. Alimuambia, usiamini jina atakupa, ataogopa, atakana. Umupe picha ya maua yetu tu, na ule mwenye atapaka majani nyekundu, ndiye muke yangu, umulete."