Maji Kama Maziwa

Mwanga wa tochi ulimpiga Ofentse usoni, kamera yake ikiwa imebakiza dakika moja tu kumaliza picha.

“Mama, zima hiyo!” alifoka. “Nimesema zima!”

Mwanamke hakuzima. Aliielekeza tochi kwenye lenzi, akaishikilia hapo kama mtu anayemwagilia bustani. Picha ya tatu alfajiri hiyo ikaenda na maji.

Ofentse Mabena alikuwa akija kila Machi kutoka Pretoria hadi pwani ya Cape kwa ajili ya bwawa hili tu, la kuogelea, lililojengwa kwa mawe kando ya reli, bahari ikilijaza na kulimwaga ipendavyo. Likizo yake ilikuwa wiki moja. Siku nne za wiki hiyo zilikwisha kuliwa na huyu mwanamke mfupi, mwenye skafu kichwani na koti la mvua juu ya gauni la nyumbani. Siku ya kwanza alitembea na tochi yake juu ya ukuta, huku na huko, bila neno. Siku ya pili alitupa mawe majini. Jana alikaa kwenye ngazi, katikati kabisa ya picha, akala biskuti pakiti nzima.

Siku zote hizo Ofentse alimwamkia na kutabasamu. Leo tabasamu liliisha.

“Nimekukosea nini, mama? Bwawa hili ni la watu wote.”

“Nani amekataa? Wewe piga picha, mimi nimulike. Sote si watu?”

“Naomba dakika nne. Nne tu! Halafu bwawa ni lako mpaka jioni.”

“Dakika nne ni nyingi,” alijibu. “Geuza hiyo kamera huku, nikupe makalio uyapige. Hayo hayachukui muda.”

Ofentse alihisi damu ikimpanda kichwani. Alitamani kumnyang'anya ile tochi aivurumishe baharini. Kisha akadhani ameelewa. Watu wa umri wa huyu mama, upande huu, walikua wakilitazama bwawa kutoka relini, kwa kuwa enzi za ubaguzi kibao kiliwakataza watu wa rangi yao kuingia.

“Kama ni mambo ya zamani, ya kile kibao, mimi si mmoja wa waliokiweka,” alisema. “Hata baba yangu asingeruhusiwa kutia mguu humu.”

Mwanamke alicheka kicheko kikavu. “Kibao? Tulikipita tukiwa watoto, saa kama hizi, polisi wamelala. Kibao hakijawahi kunikosesha usingizi.”

“Sasa ni nini? Unaogopa sura yako itatokea? Haitatokea! Kamera ikikaa wazi muda mrefu hivi, kila kinachotikisika kinapotea. Mawimbi, ndege, watu. Kinachobaki ni kile kilichotulia. Ndiyo maana maji yanakuwa kama maziwa.”

Kwa mara ya kwanza tochi ilishuka.

“Kila kinachotikisika,” mwanamke alirudia polepole. “Na wewe, muda huo wote, unafanya nini?”

“Nafumba macho, nasikiliza muziki.” Ofentse alimwonyesha vidude vya masikioni. “Kamera inajifunga yenyewe.”

Mwanamke alishuka ukutani. Ofentse aliona amemshinda, hasira zikampoa kidogo. Alitoa kalenda kwenye mkoba, ile iliyobeba picha yake ya mwaka jana, iliyopata tuzo.

“Chukua, mama. Zawadi. Tuyamalize.”

“Ninayo. Binti yangu aliniletea siku ya Idi, akidhani nitafurahi.” Alimulika ukurasa wa Machi. “Soma hapo chini. Kwa sauti.”

Ofentse alishusha pumzi, akasoma kwa pupa kama mtu anayeondoa usumbufu. “‘Utulivu. Tarehe kumi na tisa Machi, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Dakika nne.’”

“Unaona nini kwenye picha?”

“Bwawa. Maji.” Hakuweza kuficha majivuno. “Hakuna mtu, hakuna hata kiwimbi.”

Mwanamke aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi yenye muhuri wa daktari.

“Sasa soma na hii. Jina ni la mume wangu, aliogelea hapa kila alfajiri. Tarehe ni hiyo hiyo, bwawa ni hili hili, na saa yake ya mkononi ilirekodi mpaka dakika moyo wake uliposimama. Saa kumi na moja na dakika thelathini na tatu.”

Ofentse alisoma. Alisoma tena. Akaitazama picha yake.

“Tangu siku hiyo ya Idi nilidhani ulimfuta makusudi,” mwanamke alisema. “Kumbe ni kwa sababu hakuacha kukupungia mikono.”