Chai ya Bi Mwanakombo

Kila treni ya dizeli ilipopita nyuma ya nyumba, vikombe viligongana kabatini, na Bi Mwanakombo akajua binti yake Mwatime, dereva, amepita salama.

Leo Mwatime alikuwa anaendesha treni mpya ya umeme kwa mara ya kwanza. Mama yake alijifunga kanga mpya, akamimina chai, akasimama jikoni akitazama reli. Saa tatu, saa yake ya kupita, ikafika, ikapita. Vikombe kimya.

“Imeharibika njiani,” akasema.

Jirani yake Pendo akaingia mbio. “Mama, unangoja nini huku nyuma? Treni hii mpya ikifika mjini inaacha njia ya zamani, inapita kwenye zile reli mpya za barabarani! Iko mlangoni kwako!”

Bi Mwanakombo akafungua mlango wa mbele. Treni ndefu nyeupe ilikuwa imesimama kwenye kituo kipya, hatua kumi tu kutoka mlangoni, na dirishani Mwatime anacheka meno yote nje.

“Mama, panda basi! Watu wanangoja!”

Akapanda pekupeku, kikombe mkononi. Maduka yakaanza kurudi nyuma, upesi, upesi zaidi. Akaitazama chai yake. Haikutikisika hata kidogo.