Ukurasa Aliouvuta Baba

Kisu cha Abrahamu kiko juu, mtoto amefungwa juu ya kuni, nikafunua ukurasa, na Sara, mama yake, amekufa.

Nikarudi nyuma. Nikasoma tena kwa kidole, neno kwa neno, jinsi wanavyotufundisha hapa parokiani Kindu sisi wamama tulioanza kusoma na mvi kichwani. Kisu. Kisha Sara amekufa. Na mtoto je? Labda mama alikufa kwa uchungu. Lakini si Mungu mwenyewe aliyemtuma yule baba? Sikuelewa kitu, na hasira ikanipanda.

Ndipo nikaona, katikati ya kurasa hizo mbili za Biblia hii ya marehemu mama, pindo la karatasi iliyochanwa, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikakumbuka. Wakati wa vita, tulipokimbilia msituni upande wa Pangi, baba alikuwa anachana karatasi hizo kusokotea tumbako. Ni huko kaka yangu Mardochée alikufa angali mtoto; baba alituambia ni homa. Baba alimzika peke yake. Mama naye hakumaliza mwezi.

Baba alikuwa uani, anasokota tumbako kwenye karatasi ya daftari. Hajui kusoma, lakini misa hakosi. Hadithi hii lazima aliisikia.

Nikamuuliza kutoka mlangoni, Biblia nimeiacha mezani: "Baba, yule mutoto, baba yake alimuua kweli?"

Tumbako ikamwagika magotini mwake. Hakuiokota.

"Ni nani alikuambia?"