Jaketi la Marehemu

Wazamiaji walimkuta marehemu amebanwa kwenye sakafu ya ndege, na sakafu ndiyo iliyokuwa juu. Mkanda wa kiti alikuwa ameshaufungua. Mwilini hakuwa na hata mchubuko. Jaketi lake la kujiokolea lilikuwa limejaa hewa pomoni.

Hilo jaketi ndilo lililomleta mchunguzi wa ajali nyumbani kwa wafiwa siku ya tatu.

Mjane aliketi kwenye kochi, mkono mmoja umefungwa bandeji. Mama mkwe alikaa ubavuni pake, amemshika bega kama polisi aliyemshika mwizi.

"Mweleze huyu baba," alisema mama mkwe. "Mweleze wewe ulitokaje, mwanangu akabaki. Na mimi nasikiliza."

Mjane alisimulia kwa sauti ndogo. Upepo ulikuwa wa vishindo tangu asubuhi. Ndege ilipokuwa inatua ziwani, kishindo kimoja kiliinua bawa la kulia, la kushoto likachota maji, na kufumba na kufumbua wakajikuta vichwa chini miguu juu, gizani, maji yakiingia kila upande.

"Nikamvutia kamba ya jaketi lake," alisema. "Likajaa. Nikajua huyu ameshapona. Ndipo nikatafuta mlango."

"Na la kwako?"

"La kwangu sikulikumbuka mpaka nilipoibuka nje."

Mchunguzi alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

"Dada yangu, ndege ya majini ikipinduka, mlango unakuwa chini ya maji. Jaketi lililojaa linamvuta mtu juu. Linambana pale pale kama kizibo kwenye chupa. Ndiyo maana halijazwi mpaka mtu awe ameshatoka nje."

Mjane aliziba mdomo kwa kiganja. "Kwa hiyo ni mimi?"

Mama mkwe alisimama. Mchunguzi, akihofia kofi, alidakia upesi: "Mlielekezwa kabla ya kupaa?"

Mjane alitikisa kichwa. "Rubani alikuwa na haraka. Alisema upepo unazidi."

"Rubani!" Siku tatu mama mkwe alikuwa akitafuta shingo ya kuinyonga, na sasa ameipata. "Mwanaharamu yule! Anabeba watu kama anabeba viazi!"

Kisha akaanguka kwenye kochi, akamkumbatia mjane, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia hata makaburini.

"Nisamehe, mkwe wangu. Mimi niliyekuita gogo. Mimi niliyekufungia mizigo kwa mikono hii, mwanangu akurudishe kwenu kwa kuwa huzai. Kumbe unampenda hadi ndani ya maji! Hutoki tena humu. Chumba chake ni chako, na atakayekunyooshea kidole atanijua mimi ni nani."

"Mama, usiseme hivyo," alinong'ona mjane.

"Nitasema! Na huyo rubani akaozee jela."

Mchunguzi hakumpinga. Rubani asiyewaelekeza abiria wake hana pa kujitetea. Aliandika kwenye daftari: *Abiria hawakuelekezwa.* Akapiga mstari chini yake, akaaga.

Hospitalini alimkuta rubani amefungwa taya kwa waya, mkewe akimnywesha maziwa kwa mrija. Mchunguzi hakukubali hata kiti.

"Miaka kumi na tisa unarusha ndege," alisema, "na bado unawapandisha watu bila kuwaambia jaketi linatumikaje. Umemuua mume. Mke naye umemfanya aue bila kujua. Leseni yako isahau. Na mahakamani utakwenda."

"Shemeji, punguza sauti, mtu ni mgonjwa," alisema mke wa rubani.

Rubani alitoa sauti kooni. Akamwashiria mkewe ampe kalamu. Aliandika polepole, akakata neno, akaandika tena. Kisha akamgeuzia mchunguzi karatasi.

*Niliwaelekeza pale gatini. Mume alikuwa kwenye simu, hakusikia. Mke alisikia. Hilo la kutojaza jaketi ndani ya ndege aliniomba nilirudie mara tatu.*