Vyumba Vitupu vya Dondora

Mlio mwembamba ulimwamsha Nyamizi, mkali kama uzi wa chuma unaokwaruzwa. Alipofumbua macho alimwona dondora, yule nyigu wa viota vya udongo, juu ya mlango, akikandika udongo. Akashika tumbo lake la miezi minane, akatabasamu. Kijijini kwao waliamini kwamba dondora akilea wanawe ndani ya nyumba, mama mjamzito naye atalea wake. Na Nyamizi alishazika mmoja.

Akabandua kipande cha udongo ule apate kukitafuna, kama wafanyavyo wajawazito wote wa pale. Kila chumba cha dondora hujazwa viwavi, chakula cha mwanawe. Vyumba hivi vilikuwa vitupu. Ndani ya kimoja, mtoto wa dondora alikuwa amekauka kama pumba.

"Kulwa! Njoo uone! Amekufa njaa."

Mumewe akacheka. "Si ile mbegu mpya, mama kijacho? Kiwavi akiuma jani tu, kwisha habari yake. Mahindi yangu hayana hata tundu, na wewe unalilia dondora!"

"Hata yeye ni mama."

Kulwa akaacha kucheka. Dondora, aliyekuwa ameruka kwenda kuwinda, alirudi kutoka shambani bila kiwavi, akaingia chumba kilichovunjwa, akatoka, akaingia tena, bila kuacha kulia.

Nyamizi akatungua hindi la mbegu ya zamani lililotundikwa juu ya meko.

"Nitalipanda leo hii nyuma ya jiko," akamwambia dondora kwa sauti, mkono tumboni. "Viwavi watakula mpaka washibe, nawe utawachukua wote. Ila usinihame."